Kapu la Krismasi Lisirudi Tupu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, magari yaendayo Kiirua hujaa watu wanaorudi makwao. Watoka Nairobi, Nakuru, Mombasa na miji mingine walikokwenda kutafuta kazi, nao hushuka garini wakiwa na mizigo mikononi. Zamani mzigo huo ulikuwa furushi la nguo, mkate wa dukani, na pengine blanketi la mzee. Siku hizi mara nyingi ni kapu lililofungwa kwa karatasi ing'aayo na utepe mwekundu, na ndani yake mna sukari, majani ya chai, mchele, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sabuni, biskuti na chupa ya maji ya matunda. Watu huliita kapu la Krismasi, na wengine huliita hampa.

Desturi hii ni njema, wala hakuna haja ya kuilaumu. Lakini imefika kwa njia mbili, moja kutoka ng'ambo na nyingine kutoka humu humu nchini, na si watu wote wanaofahamu kwamba njia hizo mbili hazilingani. Mtu akizichanganya bila kufikiri aweza kutoa kapu kubwa likaleta aibu, hali jirani yake aliyetoa kapu dogo ameleta furaha. Kwa hiyo yafaa kutazama kapu hili limetoka wapi, lajazwaje, lapelekwa kwa nani, na likiisha kupokewa larudije.

SIKUKUU NA GHALA

Kiirua iko Buuri, katika Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Mlima huo, wenye kimo cha mita 5,199, huzuia sehemu kubwa ya mvua inayoletwa na pepo kutoka baharini, na kwa hiyo upande huu ni mkavu kuliko Nkubu na Chogoria zilizo upande wa mashariki. Wakulima wake hupanda mahindi, maharagwe na viazi, na wengi hufuga ng'ombe wa maziwa. Ukielekea Timau waona mashamba makubwa ya ngano na shayiri. Ukiteremka kuelekea Isiolo waingia katika nchi ya joto ya wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe.

Mkulima wa nchi hii ajua vizuri kwamba Krismasi haiji wakati ghala limejaa. Mvua za vuli, zianzazo mwezi wa Oktoba, huwa zakaribia kwisha. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua hizo yangali mabichi shambani, na akiba ya mavuno yaliyotangulia imepungua. Sikukuu ikipita tu, Januari yaingia na karo, sare, vitabu na viatu vya watoto wa shule. Mwezi huo ndio humfanya mzazi kukaa macho usiku akihesabu shilingi zake.

Basi kapu la Krismasi katika Kiirua si jambo la anasa tu. Kwa mtu mwenye mshahara, ni zawadi. Kwa mjane mwenye watoto 4 na shamba la robo eka, kapu hilo laweza kuwa chakula cha siku nyingi zilizo ngumu kuliko zote za mwaka. Na kwa mtoaji asiyepima mfuko wake, kapu lile lile laweza kuwa karo ya mtoto iliyoliwa kwa siku moja.

KIONDO CHA WAZEE

Zamani, kabla maduka hayajaenea Meru, wanawake wa Mlima Kenya walikuwa na kapu lao, nalo ni kiondo. Walikisuka kwa nyuzi zilizotolewa katika maganda ya miti na vichaka, na baadaye kwa katani. Ukanda wake ulipitishwa kwenye paji la uso, na mzigo ukakaa mgongoni, hata mama akaweza kupanda na kushuka makorongo mikono yake ikiwa huru.

Kiondo hicho kilikuwa na kazi nyingi za heshima. Mwanamke alipojifungua, jamaa na majirani walimwendea na nafaka za kupikia uji, ndizi na viazi, ili apate nguvu na asilazimike kwenda shambani mapema. Nyumba ilipopatwa na msiba, chakula kilifika kabla ya mwenye nyumba kuomba. Katika mambo ya ndoa Wameru walikuwa na vitu vyao maalumu: asali, kondoo na ng'ombe katika mahari, na katika sehemu za Igembe na Tigania, fungu la miraa lililofungwa vizuri, ambalo hupelekwa kwa baba wa binti ili mazungumzo yafunguliwe. Kila zawadi ilikuwa na siku yake, mahali pake na maana yake.

Lakini katika nyumba nyingi za Mlima Kenya ilikuwako kanuni moja iliyozidi zote kwa hekima, nayo ingaliko kwa watu wengi hata leo: kiondo hakirudi kitupu. Mwenye nyumba alikipokea, akaondoa vilivyokuwamo, na mgeni alipoaga akarudishiwa kiondo chake kikiwa na kitu ndani. Pengine palikuwa na kibaba cha maharagwe, pengine viazi vitamu vichache, pengine mbegu za maboga au mche wa mgomba wa kupanda.

Mtu asiyejua aweza kudhani kwamba hayo yalikuwa malipo. Sivyo. Konzi mbili za maharagwe hazilingani na unga wa siku 3, na kila mtu alijua hivyo. Yaliyowekwa katika kiondo yalikuwa kama maneno. Mwenye kupokea alisema, pasipo kufungua kinywa, kwamba yeye naye ni mtu wa kutoa. Leo amepungukiwa, lakini hajawa mwombaji, na kesho mambo yakigeuka atabeba kiondo mwenyewe. Hivyo maskini aliondolewa njaa bila kuondolewa heshima.

KAPU LA NG'AMBO

Kapu la pili lina historia nyingine. Neno hampa limetoka kwa Waingereza, nao walilipata katika Kifaransa cha kale, ambako maana yake ilikuwa sanduku la kuwekea vikombe. Baadaye likawa jina la kapu kubwa lenye kifuniko, la kuchukulia vyakula safarini. Reli zilipoenea Uingereza katika karne ya 19, makapu ya vyakula yaliweza kusafiri mbali kwa muda mfupi, na kupeleka kapu wakati wa Krismasi kukawa desturi ya watu wengi. Katika jiji la London liko duka la Fortnum & Mason, lililoanzishwa mwaka 1707, ambalo limejulikana kwa makapu yake mpaka leo.

Pamoja na kapu hilo kulikuwa na desturi ya mabwana kuwapa watumishi wao zawadi, chakula au fedha siku iliyofuata Krismasi. Siku hiyo, yaani tarehe 26 Desemba, huitwa na Waingereza Boxing Day, na sheria ya mwaka 1871 iliifanya iwe siku ya mapumziko Uingereza. Kenya nayo huadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya mapumziko, nayo ni urithi wa utawala wa Kiingereza. Krismasi yenyewe ilifika Meru mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na Wamisionari wa Consolata na wa Methodisti.

Makarani wengi waliosoma shule za misheni wakijua kitabu cha Charles Dickens kiitwacho A Christmas Carol, kilichotolewa mwaka 1843. Humo yumo tajiri bahili, Scrooge, ambaye karani wake Bob Cratchit hufanya kazi katika chumba chenye baridi kwa mshahara mdogo. Tajiri huyo alipogeuka moyo, jambo la kwanza alilofanya asubuhi ya Krismasi ni kununua bata mzinga mkubwa na kumpeleka nyumbani kwa karani, bila kumjulisha nani aliyempeleka. Hata huko ng'ambo, basi, walikuwako watu waliotambua kwamba zawadi nzuri haipigi tarumbeta. Na yafaa kukumbuka kwamba Scrooge hakukomea kwenye bata mzinga. Alimwongezea karani mshahara pia.

Marekani nayo ina mfano wake. Katika mji wa San Francisco mwaka 1891, ofisa mmoja wa Jeshi la Wokovu, Joseph McFee, aliweka chungu mahali pa kupita watu ili wapitao watie fedha za kuwapatia maskini chakula cha Krismasi. Tangu siku hizo chungu hicho kimekuwa alama ya Jeshi la Wokovu wakati wa Krismasi katika miji mingi.

Huko Hispania waajiri wengi huwapa wafanyakazi wao kapu la Krismasi. Kampuni moja ilipoacha kulitoa baada ya kulitoa miaka mingi, wafanyakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kapu lile limekwisha kuwa haki yao. Hapo pana fundisho kwa kila mwajiri, mwenye duka na mwenye shamba: zawadi irudiwayo kila mwaka huzaa matumaini, na matumaini yakizoeleka hugeuka kuwa deni.

Tofauti ya makapu haya mawili sasa yaonekana wazi. Kapu la ng'ambo mara nyingi hushuka, toka kwa bwana kwenda kwa mtumishi, wala halirudi. Kiondo huenda na kurudi, toka jirani hata jirani. Kapu la dukani linalofika Kiirua leo lina umbo la kwanza, lakini watu wanaolipokea wana moyo wa pili. Hapo ndipo taabu huanza.

KAPU NA MWEZI WA JANUARI

Tuseme yuko kijana aliyeajiriwa mjini. Amesikia kwamba mwenzake wa utotoni alimletea mama yake kapu kubwa mwaka jana, na majirani wakalisifu hata kanisani. Yeye naye hataki kushindwa. Akopa fedha kwa simu, anunua kapu lenye utepe, apanda gari kwa nauli ya sikukuu, afika kwao na kusifiwa. Mnamo tarehe 5 Januari mama yule yule ampigia simu kwamba mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kijana hana kitu, na deni la simu laongezeka kila siku. Je, hapo amempa mama yake nini?

Tena mara nyingi kapu lililofungwa tayari humgharimu mnunuzi zaidi ya vitu vilivyomo. Alipa kapu, karatasi, utepe na kazi ya kufunga. Ndani huwekwa vitu vya kupendeza macho, kama chupa za vinywaji na mikebe ya biskuti, navyo havifiki mbali katika nyumba yenye watoto 6. Mnunuzi mwenye busara huandika kwanza bei ya kila kitu kilichomo, akijumlisha, kisha hulinganisha jumla yake na bei ya kapu zima. Hutazama pia tarehe ya mwisho ya kutumika iliyopigwa chapa kwenye kila pakiti, kwa sababu katika kapu lililofunikwa ni rahisi kitu kilichokaa sana dukani kufichwa chini. Na hutazama alama ya Shirika la Viwango juu ya unga na mafuta.

Yupo pia ambaye hawezi kusafiri. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, mtu aweza kutuma fedha nyumbani kwa dakika moja, na wazazi wengi wa Kiirua hupokea sikukuu yao kwa njia hiyo. Fedha hizo si duni kuliko kapu. Mama apataye shilingi mkononi huweza kuamua mwenyewe kama atanunua mchele au ataweka akiba ya sare za shule, na jambo hilo lina faida kubwa kuliko utepe mwekundu.

HESABU YA CHAMA

Njia iliyo bora zaidi haikuletwa na mtu kutoka nje. Wanawake wa Meru, kama wenzao wa sehemu nyingine nyingi za Kenya, huitumia katika vyama vyao, nayo ni kuweka kidogo kidogo mwaka mzima ili Desemba ifikapo wanunue kwa jumla na kugawana. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Hesabu yake ni nyepesi, na kila msomaji aweza kuifuata.

Tuseme chama kina wanawake 20, na kila mmoja aweka shilingi 50 kwa juma. Katika majuma 48, toka Januari hata mwanzo wa Desemba, kila mmoja atakuwa ameweka shilingi 2,400, na chama kizima kitakuwa na shilingi 48,000. Fedha hizo hazimwumizi mtu, kwa sababu hutoka katika maziwa, mayai na mboga za kila juma. Lakini mtu akitakiwa kuzitoa zote siku moja mwezi wa Desemba, wengi hawataweza.

Kisha wanunue katika duka la jumla. Gunia la sukari la kilo 50 likigawanywa kwa watu 20, kila mmoja apata kilo 2 na nusu. Gunia la mchele la kilo 50 ni vivyo hivyo. Beli moja ya unga wa mahindi ina pakiti 12 za kilo 2, basi beli 5 zina pakiti 60, na kila mwanamke apata pakiti 3. Mitungi 2 ya mafuta, kila mmoja lita 20, humpa kila mwanamke lita 2. Hilo ni kapu lenye chakula cha kweli, na bei yake ni ya jumla.

Mambo matatu huvunja vyama hivi, nayo yafaa kuepukwa. La kwanza ni fedha kukaa nyumbani kwa mtu mmoja. Heri ziwekwe benki au katika chama cha akiba na mikopo, zitolewe kwa sahihi za watu 3. La pili ni daftari kuandikwa na mtu mmoja tu bila kusomwa mbele ya wote. Kila mwanachama na awe na kadi yake, na kila mkutano hesabu isomwe kwa sauti. La tatu ni mizani. Siku ya kugawana, mizani ikaguliwe na wote kabla gunia halijafunguliwa, kwa maana urafiki wa miaka 10 umewahi kuvunjwa na robo kilo ya sukari.

KAPU MEZANI KWA MTUMISHI WA UMMA

Liko kapu moja ambalo halifai kusifiwa hata kidogo. Ni lile lipelekwalo ofisini na mtu mwenye haja. Ana kesi ya mpaka wa shamba, au aomba leseni, au anataka zabuni. Kapu lake lina utepe ule ule na salamu zile zile za heri, lakini halitafuti jirani. Latafuta sahihi.

Sheria za Kenya ziko wazi katika jambo hili. Tangu Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 hadi Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025, mtumishi wa umma amewekewa mipaka ya zawadi aruhusiwazo kupokea kwa ajili ya kazi yake. Na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji pamoja na mpokeaji. Njia rahisi ya kupima ni kujiuliza swali moja: kama mtu huyu angehamishwa leo apelekwe ofisi nyingine, je, kapu lingemfuata? Kama lingebaki kumngoja atakayekaa kitini pake, basi lilikuwa kapu la kiti.

Mkulima naye asidhani kwamba lazima apeleke kapu ndipo ahudumiwe. Huduma ya serikali hulipiwa kwa kodi, wala haihitaji utepe.

LIPELEKWE KWA NANI?

Wanaokaa Kiirua wana majirani wa kuwatazama katika jambo hili. Katika mji wa Isiolo wako Waislamu wengi, nao kabla ya sala ya Idi baada ya mfungo wa Ramadhani hutoa zaka ya fitri. Mwenye nyumba hutoa pishi moja ya chakula, ambayo wengi huikadiria kuwa kilo 2 na nusu hadi 3, kwa kila mtu wa nyumba yake, hata mtoto mchanga. Chakula hicho hupewa maskini kabla ya sala, ili siku ya furaha isimkute mtu yeyote akiwa na njaa. Hakitolewi na tajiri peke yake. Hata mtu wa hali ya chini aliye na ziada ya chakula cha siku hiyo hutoa. Kipimo ni kimoja kwa wote, basi hakuna nafasi ya kushindana.

Mkristo wa Kiirua aweza kujifunza kwamba wakati una maana. Kapu lifikalo jioni ya tarehe 25, baada ya watoto kushinda wakinusa chapati za jirani, limechelewa. Kapu la mwenye shida na lifike siku 2 au 3 kabla. Na aliye na shida si lazima awe ombaomba. Ni mjane, ni mzee aliyeachwa na wanawe, ni mama aliyejifungua juzi, ni mtu mwenye mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa pale Kiirua, ambaye mawazo yake yote yako kitandani na nyumba yake haina aliyeipikia.

Wala asiwepo mtu wa kujivuna kwamba yeye ni mtoaji wa daima. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, Isiolo ikiwamo. Wafugaji waliokuwa na makundi ya ng'ombe walibaki na fimbo. Mvua haiulizi nani alitoa mwaka jana.

Jambo linalotia aibu kuliko yote ni picha. Mjane huitwa mbele ya watu, kapu huwekwa mikononi mwake, mtoaji husimama kando yake akitabasamu, na simu 10 huinuliwa. Kabla ya jua kuchwa picha ile imekwisha kuwafikia wanafunzi wanaosoma na mwanawe. Sukari itakwisha baada ya majuma mawili, lakini picha haitakwisha. Mtoaji wa namna hiyo hakutoa. Alinunua sifa, akalipa kwa uso wa mtu mwingine.

Chama cha wanawake 20 kilichotajwa juu chaweza kufanya vizuri zaidi kwa gharama ndogo sana. Siku ya kugawana, magunia na yagawanywe mafungu 21 badala ya 20. Katika gunia la sukari kila mwanachama atapungukiwa na gramu 119 tu, ambazo ni chini ya kikombe kimoja cha chai. Hakuna nyumba itakayolala njaa kwa hizo. Fungu la 21 litiwe katika kiondo cha katani, lisifungwe kwa karatasi, na wanawake wawili walichukue jioni, bila hotuba wala picha, mpaka katika nyumba iliyochaguliwa.

Kiondo chenyewe ni sehemu ya zawadi, na sababu yake si urembo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017, na watu wengi wamekumbuka tena thamani ya kapu lidumulo. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Karatasi ing'aayo huchanwa na kutupwa, na pamoja nayo hutupwa nafasi ya mpokeaji kujibu. Kiondo hubaki. Mwenyewe atakirudia, na mwenye nyumba ana siku za kutafuta kitu cha kutia ndani yake.

Huenda Januari au Februari, maharagwe ya vuli yakiisha kuvunwa na kupurwa, yule mjane atatokea kwenye mkutano wa chama na kiondo mkononi. Ndani mna vibaba viwili vya maharagwe ya mbegu. Wanawake wayapokee kwa mikono miwili, wasiseme "Ungebaki nayo mama, wewe una shida." Wakisema hivyo watakuwa wamemnyang'anya kile walichomletea. Wayapime, wayaandike katika daftari kama wanavyoandika michango ya wengine, na wamkaribishe aketi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.